Kwa Anaeli, Aliyeomba Elfu Kumi

Ujumbe wako nimeusoma
nimepiga goti juu ya belo la sweta
hapa Memorial, saa mbili asubuhi,
mlima umejifunika, wateja bado.
Unaomba elfu kumi ununue pakiti za kadi.
Shangazi yako hana. Angekuwa nayo asingekupa.

Pakiti ni belo, Anaeli.
Unalipa kwanza, unakata kamba baadaye.
Nje wameandika daraja la kwanza,
ndani unakuta soksi za mguu mmoja,
makoti ya watu warefu kuliko mlango wa kanisa,
na vazi moja zuri, moja tu,
la kukufanya urudi kununua tena.
Nimeliwa na belo mara nne ndipo nikajifunza
kuokota nguo moja moja kwa wenzangu,
ile ambayo mnunuzi wake namjua kwa jina.
Vumbi unalopewa bure kila ukishinda
lilinde kama nauli ya shule.
Usilimwage mpaka ujue unataka kadi gani
na itakufanyia nini.

Halafu chagua rangi moja.
Fungu lako nimeliona: lina moto, lina msitu,
lina mifupa inayotembea, lina hata yule samaki.
Hilo si fungu. Ni meza ya kila kitu mia tano.

Kule Kibosho kwa bibi yako mfongo una zamu.
Ukija na shamba kubwa na saa moja ya maji
utalowanisha kona, urudi na jembe kavu.
Mchezo huu nao unagawa maji:
zamu ya kwanza tone moja, ya pili mawili.
Wewe mkononi umeshika majitu ya matone saba,
matatu, yanang'aa, yanapendeza,
na adui ameshaingia jikoni anakunywa uji wako.
Weka ndogo nyingi.
Panya wa Ghala, tone moja.
Mbeba Mawe, mawili.
Na yule Mlinzi wa Daraja
ambaye kila mtu humyeyusha bila kumtazama,
mimi ninao watatu,
wamenivusha mpaka ngazi ya fedha
kwa simu yenye ufa na bando la siku.
Soma maandishi ya chini, yale madogo.

Ukiona fungu la bingwa na huna kadi yake moja,
usilie. Uliza: inafuta meza? Inachota kadi?
Tafuta ya bei ya chini inayofanya nusu ya kazi.
Nusu ya kazi kwa robo ya bei,
biashara hiyo ndiyo iliyokununulia madaftari.
Na ukifungwa mara kumi, badilisha kadi mbili,
usipindue meza nzima.

Sasa kuna jambo.
Ninayo moja ya dhahabu. Malkia wa Barafu, matone tisa.
Ilitoka kwenye pakiti ya bure
usiku ule tuko na baba yako Mawenzi, wodini.
Yeye ndiye aliyegusa kioo,
kidole kina plasta,
zikalipuka zile fataki, akacheka
mpaka nesi akaja kutunyamazisha.
Sijawahi kuicheza.
Nikiiyeyusha napata vumbi la kutengeneza fungu zima,
hesabu hiyo naijua, nimeipiga mara nyingi.
Naifungua, naitazama, nafunga.
Kwa hiyo katika mambo ya hesabu
usinisikilize sana.

Mteja huyo, ananusa sweta kama nyama.
Saa nne usiku nitakuwa nimemaliza kufua,
nitafute mchezoni.
Njoo na rangi moja.
Mimi nakuja na panya.